Gia Tatu na Upepo wa Omo: Mwongozo Kamili wa Kufufua Baiskeli Kongwe ya Kiingereza Hapa Malindi

Mzee aliyeniuzia Raleigh yangu, huko Ganda, aliipanda miaka mingi akiwa kwenye gia ya tatu bila kujua. Mitungi ya maji kwenye keria, upepo wa kusi usoni, naye anakanyaga kwa kusimama kama mtu apandaye ngazi. Nilipomwuliza, "Ami, gia zake bado zafanya kazi?" alicheka. "Gia gani, mwanangu? Hii ni blakmamba kama zile nyingine."

Nikachutama, nikafuta grisi kwenye tumbo la gurudumu la nyuma kwa ncha ya shati. Zikatokea herufi: Sturmey-Archer, AW. Waya wa gia ulikuwa umekatika zamani, huenda kabla yeye hajainunua. Na habu ya aina hiyo, yaani hilo tumbo la gurudumu lenye gia ndani yake, ikikosa waya, springi ya ndani huisukuma moja kwa moja hadi gia ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Hivyo mzee wa watu alikuwa na gia mbili nyepesi chini ya makalio yake miaka yote ile, na hakuna aliyemwambia.

Tangu siku hiyo nimekutana na baiskeli nne zaidi za namna hiyo kati ya Malindi na Watamu. Watu wetu huamini gia ni za watu wa milimani, kwamba pwani tambarare haizihitaji. Mimi nasema mlima wetu ni upepo wa omo, ule unaokukabili mbele. Aliyewahi kutoka Gede kuja mjini mwezi wa Januari saa tisa mchana, kaskazi ikimpiga kifuani, anajua ninachosema. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuifufua baiskeli ya gia tatu na kuipanda na wenzake, siyo kuitundika ukutani hotelini.

Kuitambua kabla ya kutoa pesa

Kampuni ya Raleigh ilianza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880. Habu ya gia tatu ilifuata mwaka 1902, ikapewa majina ya Henry Sturmey na James Archer, ingawa aliyebuni sehemu kubwa ya kazi hiyo ni fundi mwingine, William Reilly. Reilly alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, basi hati ikaandikwa kwa jina la Archer, na jina likabaki la Archer hadi leo. Habu ya AW, ambayo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi, ilianza kutengenezwa 1936, na muundo wake wa ndani haukubadilika sana kwa miongo mingi. Hiyo ndiyo bahati yetu: kipuri cha habu ya miaka ya 1970 aghalabu huingia kwenye habu ya miaka ya 1950.

Usishikilie jina lililoandikwa kwenye fremu. Raleigh ilinunua tawi la baiskeli la kampuni ya BSA mwaka 1957, na mwaka 1960 ikaungana na kundi lililokuwa na Phillips na Hercules, nembo nyingine za baiskeli za Kiingereza. Kwa hiyo baiskeli tatu zenye nembo tatu tofauti zaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Kinachochanganya watu ni kwamba baiskeli nyingi za Kihindi zilizojaa Kenya zimeigwa kutoka kwenye muundo huohuo wa Kiingereza: fremu nyeusi, breki za vyuma, mnyororo uliofunikwa. Ukiwa mbali huwezi kuzitofautisha. Sogea, angalia mambo matatu. Habu ya nyuma ya gia tatu ni nene kama kopo dogo la maziwa, na ina kifuniko kidogo cha kutilia mafuta. Nati ya kulia ya ekseli ni ndefu na ina kitundu ubavuni. Ndani ya nati hiyo hutokea kimnyororo chembamba, au mabaki yake. Wenzo wa gia kwenye usukani usiutegemee, kwa sababu mara nyingi ulishang'olewa na mtoto fulani akauchezea.

Umri wa habu umechongwa palepale kwenye tumbo: tarakimu mbili za mwaka, halafu mwezi. Ukiona 58 na 7, ni Julai 1958. Ila kumbuka kwamba magurudumu huhama. Habu yangu ni ya 1962, fremu nadhani ni ya zamani zaidi, na wala hazigombani.

Ukiona herufi SW badala ya AW, fikiri mara mbili. Hiyo ilitengenezwa miaka ya 1950 ili kupunguza gharama, ikajulikana kwa kuteleza, na vipuri vyake ni adimu.

Sasa jaribio la kweli, ambalo halihitaji waya wala wenzo. Inua gurudumu la nyuma lizunguke hewani. Weka alama ya chokaa kwenye jino moja la sproketi ya nyuma na nyingine kwenye tairi. Kimnyororo kikiwa kimelegea, zungusha pedali hadi sproketi imalize mizunguko 3, na gurudumu litakuwa limemaliza 4. Hiyo ni gia ya tatu. Vuta kimnyororo kwa vidole polepole hadi usikie kitu kimekaa: sasa mzunguko mmoja wa sproketi ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Gia ya pili. Vuta hadi mwisho: sproketi ikizunguka mara 4, gurudumu litazunguka 3 tu. Gia ya kwanza. Ukizipata zote tatu, lipa haraka kabla muuzaji hajauliza kwa nini unatabasamu.

Kama pedali zinazunguka bila gurudumu kuitikia, usikate tamaa. Mara tisa kati ya kumi ni mafuta yaliyoganda ndani, na dawa yake nitaieleza. Kinachonifanya niondoke ni fremu yenye ufa kwenye maungio ya chini ya usukani, au foki iliyopinda kurudi nyuma baada ya kugonga kitu. Kutu ya juu juu hainitishi. Malindi kila kitu kina kutu, hata vyuma vipya vilivyo dukani.

Kuifungua bila kuiua

Pikipiki zimetuzoesha spana za milimita. Nati za baiskeli hizi zilikatwa kwa vipimo vya Kiingereza, hivyo spana ya 14 itakaribia kuingia, kisha itateleza na kuila pembe ya nati. Tafuta spana kongwe kwa wauza vyuma chakavu, au tumia spana ya kukaza na kulegeza, ile mafundi huiita spana malaya, lakini ikaze hadi isicheze hata kidogo kabla ya kuizungusha. Nyingine utakazohitaji: nyundo ya kilo moja, bisibisi mbili, brashi ya waya, bomba nene la chuma lenye urefu wa kutoka sakafuni hadi kwenye krenki (mkono wa pedali), mafuta ya taa, oili ya injini, grisi, na makopo matupu ya kutosha. Kila sehemu na kopo lake. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu. Utajishukuru wiki ya tatu, ukiwa na washa mkononi usiyejua ilitoka wapi.

Kwanza, siku tatu kabla ya kugusa spana, tia mafuta ya kulainisha kila unapoona hesi (mikato ya skrubu) au pini: nati za ekseli, kota pini, nguzo ya siti, shina la usukani. Tia asubuhi na jioni. Chumvi ya bahari huunganisha chuma na chuma kama simenti, na subira ya siku tatu hukuokolea fremu.

Kota pini ndizo zinazowavunja watu moyo. Ni zile pini mbili zinazoshikilia krenki kwenye ekseli ya pedali. Kosa la kawaida ni kuipiga nyundo krenki ikiwa inaelea hewani: nguvu yote huishia kwenye gololi na vikombe, ambavyo hupasuka. Fanya hivi. Legeza nati ya pini hadi uso wake ulingane na ncha ya hesi, usiitoe kabisa, maana itazuia ncha isipondeke. Simamisha bomba la chuma chini ya krenki, likigusa krenki yenyewe kando ya kichwa cha pini, na mwisho wa chini uwe kwenye saruji ngumu. Mwenzako aishike baiskeli wima. Kisha piga mara moja kwa nguvu na kwa nia. Vipigo ishirini vya woga hupinda pini, kipigo kimoja cha kweli huitoa. Ikikataa, ongeza mafuta, nenda kaswali, rudi kesho.

Wakati wa kurudisha, nunua pini mpya. Raleigh nyingi hutumia unene wa milimita 9.5, na baiskeli nyingine 9, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mfukoni. Pini mbili huwekwa zikielekea pande tofauti, na ubapa wake huenda ukahitaji kusuguliwa kwa tupa hadi krenki mbili zikae mstari mmoja. Zigonge hadi zikae, ndipo ukaze nati. Usiivute pini kwa kukaza nati, hesi itang'oka. Baada ya kilomita kumi za kwanza gonga tena, kaza tena.

Vikombe vya ekseli ya pedali vya Raleigh usivitupe hata kama vina mikwaruzo. Hesi yake ni ya Raleigh peke yake, imekatwa nyembamba kuliko za wengine, na kikombe cha duka la kawaida hakitaingia. Gololi kwa upande wake ni rahisi: kumi na moja za robo inchi kila upande, zipo kila duka. Badilisha zote, kwa sababu zinauzwa rahisi na za zamani zimekwisha kuwa na umbo la yai.

Habu

Hapa sitakwenda haraka, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochukua bisibisi mapema mno.

Ndani ya AW kuna gia ya jua iliyoshikana na ekseli, yenye meno 20 na isiyozunguka kamwe. Inazungukwa na gia ndogo nne zenye meno 20 kila moja, na zote hizo zimo ndani ya duara lenye meno 60. Kugawa 20 kwa 60 ni theluthi moja, na ndiyo maana gia ya tatu hukupa theluthi moja ya ziada. Kimnyororo kikivutwa, husogeza kipande chenye umbo la msalaba ambacho huchagua nani aendeshe nani. Vijino vidogo vyenye springi nyembamba kama unywele hushika tumbo la habu na kulizungusha. Mafuta yakiganda, vijino havichomozi, na unakanyaga hewa.

Kinachogandisha ni nini? Mafuta yasiyofaa. Yangu ilikuwa imetiwa mafuta ya nazi, tena kwa ukarimu. Sina ugomvi na nazi kwenye wali, lakini ndani ya habu hugeuka gundi ya rangi ya asali. Mafuta ya kupikia ni yaleyale. Grisi nayo ni kosa jingine: hufaa kwenye gololi za kando tu, ikifika katikati huvizuia vijino.

Kwa hiyo usiifungue. Ioshe kwanza. Toa gurudumu, na hapa kuna jambo la kuangalia: kila upande wa ekseli kuna washa yenye ulimi unaoingia kwenye mkato wa fremu. Kazi yake ni kuizuia ekseli isizunguke. Mafundi wa barabarani huzitupa wakidhani ni za ziada, kisha gia hazikai tena. Ziweke kwenye kopo lake.

Fungua kifuniko cha mafuta. Tia mafuta ya taa kiasi cha kikombe cha kahawa, kile kidogo. Laza gurudumu ubavu juu ya ndoo, lizungushe kwa mkono, vuta na kuachia kimnyororo mara nyingi. Geuza upande wa pili. Acha hadi asubuhi. Yatakayotoka yatakuwa meusi kama kahawa ya thumuni. Rudia hadi yatoke karibu masafi. Yangu ilichukua siku nne. Siku ya tatu jioni nilisikia kijino cha kwanza kikichomoza, tik, nikamwita mke wangu aje asikilize. Alikuja, akasikiliza, akarudi jikoni.

Yakishatoka yote, acha gurudumu likauke, kisha tia oili ya injini isiyo nzito sana, SAE 20 au 30, kijiko kimoja cha chai. Baada ya hapo matone machache kila mwezi yanatosha. Usizidishe: oili ya ziada huvuja, hutambaa kwenye spoki hadi rimu, na kwa baiskeli za breki za vyuma rimu ndiyo inayoshikwa. Utagundua hilo kwenye mzunguko wa barabara huku tuktuk ikiwa mbele yako.

Ikishindikana baada ya kuosha mara kadhaa, ndipo ifunguliwe, na hilo lifanywe na mtu aliyewahi kuiona ndani. Kabla hujaifungua, jua kwamba koni ya kulia (ile nati inayobana gololi za habu) huwekwa mahali pake na kuachwa: hukazwa kwa vidole, hurudishwa nusu mzunguko, hufungwa. Kulegea kokote kwa gurudumu hurekebishwa kwa koni ya kushoto.

Habu ikiwa nzima, itakusemesha. Gia ya pili na ya tatu hutoa mlio mdogo, tik-tik-tik, hata unapokanyaga. Gia ya kwanza iko kimya. Wasioijua hudhani mlio ni ubovu.

Kutu, rangi na siti

Usiipake rangi upya. Najua nitapingwa, na fundi wa rangi wa mtaani kwenu ana bei nzuri. Lakini rangi nyeusi ya Nottingham ilichomwa kwenye tanuri, na ile mistari ya dhahabu ilichorwa kwa mkono. Rangi ya kopo ya leo itabanduka kabla ya Ramadhani ijayo. Osha kwa sabuni ya kipande na kitambaa laini, kausha, paka nta. Palipo wazi hadi chumani, gusa kwa brashi ndogo na uishie hapo.

Maji ya kuoshea yasiwe ya kisima. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, hivyo utakuwa unaisafisha baiskeli kwa kile kilichoiharibu. Kinga maji ya mvua.

Sehemu za kromu sugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, ile ya kufungia chakula. Alumini ni laini kuliko kromu, basi hula kutu bila kukwaruza. Kengele na vitu vingine vya shaba, muulize mama: ukwaju na chumvi, suuza, futa. Kisha kila kitu kipate oili nyembamba, na ndani ya mabomba ya fremu pia: toa nguzo ya siti, mimina oili kidogo, geuza fremu juu chini ienee. Kutu inayoua fremu za pwani huanzia ndani, palipojificha.

Ukibahatika kukuta siti ya ngozi ya Brooks, kampuni ya Birmingham tangu 1866, usiiloweshe kwenye oili eti ilainike. Italegea kama machela. Paka nta ya nyuki nyembamba, juu na chini, kaza bolti ya mbele robo mzunguko tu ikihitajika, na ifunike mvua ikija.

Matairi na breki

Mara nyingi utakutana na vipimo viwili. Baiskeli kubwa za breki za vyuma huvaa 28 kwa 1½, na zile nyepesi kidogo, za breki za waya, huvaa 26 kwa 1⅜. Kipimo cha kwanza ni neema hapa kwetu: ndicho cha blakmamba, kwa hiyo tairi, tyubu, raba za breki na hata spoki zipo hadi kwenye vibanda vya Mambrui. Cha pili kina mtego. Kuna 26 ya baiskeli za milimani, nayo ni ndogo: kipenyo cha kitako cha rimu yake ni milimita 559, wakati ile ya Kiingereza ni 590. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba "inchi ni inchi, kaka," nikarudi nyumbani na tairi mbili ambazo hazikuwahi kuingia kwenye rimu yoyote niliyo nayo. Soma tarakimu ndogo pembeni ya tairi: 590 kwa 26 ya Kiingereza, au 635 kwa 28, basi.

Breki za vyuma hushika uso wa ndani wa rimu, upande unaotazama habu. Panga raba ziwe karibu milimita tatu kutoka kwenye rimu, zote mbili sawa, na kaza kila kifundo cha zile fimbo, maana kimoja kikilegea breki nzima inakuwa mapambo. Hata zikipangwa vizuri, zikilowa hazina nguvu. Wakati wa masika, kuanzia Aprili, mpe aliye mbele yako nafasi mara tatu ya kawaida.

Kurekebisha gia, dakika mbili

Fungia kimnyororo hadi mwisho ndani ya ekseli, kisha kirudishe kisichozidi nusu mzunguko ili kielekee waya bila kujipinda. Unganisha waya. Weka wenzo kwenye namba 2. Chungulia kwenye kile kitundu cha nati ya kulia: utaona kijiti ambacho kimnyororo kimefungwa, chenye bega mahali kinaponenepa. Zungusha kirekebishi hadi bega hilo lilingane na mwisho wa ekseli. Funga nati yake ndogo. Kwisha.

Fanya hivyo kila wiki, kwa sababu kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu pasipo na gia yoyote. Waya ukilegea, habu huteleza hadi hapo ghafla, na kama ulikuwa umesimama juu ya pedali, utakutana na bomba la fremu kwa namna usiyoipenda. Wanaume watanielewa.

Jambo moja ninalolishauri kwa upepo wetu: sproketi ya nyuma ya kiwandani mara nyingi ni ya meno 18. Ibadilishe na ya 20 au 22. Huhitaji kufungua habu, hutoka kwa kuchokoa ringi ya chuma kwa bisibisi, ila utaongeza pingili kwenye mnyororo. Gia zote tatu zitakuwa nyepesi, na ile ya tatu, iliyomtesa mzee wa Ganda, itakuwa ya kutumika.

Kutoka pamoja

Kundi letu halina jina wala mwenyekiti. Kuna walimu wawili, fundi cherehani, kijana wa tuktuk, na dada mmoja mwuguzi ambaye baiskeli yake ya kike ndiyo nzuri kuliko zote: fremu imeshuka katikati na mnyororo umo ndani ya kasha zima, kwa hiyo buibui halinaswi. Wanaume wanaotaka kupanda na kanzu wamekwisha kuanza kuulizia fremu za kike, kwa sauti ya chini.

Tunakutana Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu na Nguzo ya Vasco da Gama. Safari hupangwa na pepo. Mabaharia wana upepo wa omo, unaokukabili mbele, na wa tezi, unaokusukuma nyuma, nasi tunafuata hesabu yao: omo wakati wa kwenda, miguu ikiwa mibichi na jua halijapanda, tezi wakati wa kurudi. Msimu wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, tunaelekea kusini: Casuarina, Silversands, na siku ya nguvu hadi Gede kwenye magofu, kama kilomita 15. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, tunageuza: daraja la Sabaki, kisha Mambrui. Anayekosea hesabu hii hurudi na baiskeli juu ya paa la matatu. Imetokea mara mbili, na mara moja ilikuwa mimi.

Mtu mpya hufundishwa kubadilisha gia hivi: acha kukanyaga kwa nukta moja, sogeza wenzo, endelea kukanyaga. Usibadilishe huku ukisukuma kwa nguvu zote. Ukiwa umesimama kabisa waweza pia kubadilisha, jambo ambalo baiskeli za kisasa zenye sproketi nyingi haziwezi. Upepo ukikaza shuka mapema hadi ya kwanza, usingoje hadi ushindwe. Nahodha hungoja tanga lipasuke ndipo alipunguze?

Mwendo huamuliwa na aliye dhaifu, naye hukaa wa pili, siyo wa mwisho. Mwenye kifua kipana huongoza kukata upepo, na kila baada ya kilomita moja au mbili anampisha mwingine. Kwenye barabara kuu ya Mombasa tunakwenda mmoja mmoja, kwa sababu matatu hazina hamu ya historia. Kati yetu sote tunabeba pampu moja, tyubu ya kila kipimo, kota pini mbili, kipande cha waya wa gia, na spana malaya. Mchangani ufuoni hatushuki kamwe. Watalii hutuomba wapige picha tukiwa ndani ya maji hadi ekseli, tunawaambia labda na punda.

Gede tunakula mahamri na mbaazi, tunakunywa dafu, tunakaguana baiskeli. Hapo ndipo matengenezo ya kweli hufanyika, maana mwenzako aliyekaa nyuma yako kilomita 15 amesikia kila kinacholia.

Mzee wa Ganda tulimpitia siku moja, nikampa baiskeli yake ya zamani aijaribu. "Ami, vuta hicho kiwe namba moja." Akaenda kukabili upepo hadi kwenye mwembe, akarudi amekaa, hakusimama hata mara moja. Akashuka, akaitazama habu kwa muda, akaniuliza nilimlipa kiasi gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi una deni."

Nilimletea habu nyingine ya AW niliyoipata kwenye vyuma chakavu, tumeiosha kwa mafuta ya taa pamoja, sasa iko kwenye baiskeli yake nyingine. Mitungi bado anabeba.

Ukifika nyumbani, futa baiskeli nzima kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla hujaoga, chumvi ya asubuhi isilale juu yake. Kisha sogeza wenzo hadi namba 3 na uuache hapo: waya unalegea, springi ya ndani inapumzika hadi safari ijayo.